Macho Meupe ya Margareta

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwetu Mbagala ulikuwa raha tupu. Watoto ishirini na kitu wamevaa nguo nyeupe za karate, wamejipanga mistari mitatu mchangani, na mie nimekaa kwenye msingi wa darasa na sindano yangu, namkunjia huyu pindo la suruali, namkazia yule kamba ya kiunoni. Nguo zile nilizishona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani. Jina langu Hamida, fundi cherehani, na kati ya wale watoto mmoja ni wangu, anaitwa Najma.

Mwalimu wao ni Twalib. Kazi yake ya kumpa ugali ni kuchora: vichwa vya misuko kwenye kuta za saluni, kuku na chipsi kwenye vibanda, samaki mkubwa kuliko walio ndani ya friji. Kwa sababu hiyo anafundisha karate kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Wakishapigana wawili, haulizi nani kashinda. Anawapa kila mmoja kipande cha boksi na mkaa, anasema, "Kaa chini. Mchore mwenzio alivyosimama kabla hajakupiga." Mguu wa nyuma ulielekea wapi? Bega lipi lilishuka kwanza? Vidole vilikuwaje? Anayeshindwa kuchora, Twalib humwambia, "Hukumwona. Ulikuwa unapigana na hasira zako tu."

Aliyekuwa nyota wa darasa lile ni Margareta, binti wa miaka kumi na minne, wa jirani zangu ukuta kwa ukuta, Wilfred na Adelina. Wilfred ni Mmakonde wa Newala, anachonga vinyago vya mpingo, na mtoto karithi jicho la baba. Siku moja alimchora Najma wangu, na chini kabisa akaonyesha vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa.

"Najma akitaka kupiga teke anakunja vidole kwanza," akamweleza mwalimu. "Anajikunja hivi, ndipo linakuja teke."

Darasa zima likacheka. Najma alininunia mpaka na mie nisiyehusika, maana tangu siku ile kila akikunja vidole anakuta mwenzie keshahama. Mie nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, jamani, watoto wanajifunza kuona na sie tunafurahi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu aliyeanza kuiharibu raha ile ni mie niliyekaa hapa nawasimulia. Sitajificha nyuma ya mtu.

Margareta alikuwa na macho ya kuwasha tangu mdogo. Likija vumbi anayapikicha, akiyapikicha yanakuwa mekundu, jioni yameiva. Na nyie mnaijua midomo ya mtaani kwetu. Bibi kizee akiwa na macho mekundu, mchawi. Kijana wa kiume, kavuta. Msichana ndiyo usiseme: kavuta, kalewa, kakesha, na haijulikani kakesha na nani! Hakuna anayeuliza kama yanamuuma. Tunauliza kalala wapi.

Mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani akamvuta Adelina pembeni baada ya sala, akamwambia, "Mama Margareta, binti yako mfuatilie. Macho yale si bure." Adelina akaja barazani kwangu analia. Mwanamke mpole yule, hana neno na mtu, aibu ilimwingia mpaka hawezi kukaa.

"Mie mwanangu asemwe, mama Najma? Mwanangu namjua mie!"

Nikamwambia, "Nyamaza, mama. Hili dogo." Nikaingia ndani, nikafungua kabati, nikamtolea kichupa cha dawa ya matone. Najma aliwahi kuumwa jicho mwaka uliotangulia, zahanati wakampa ile dawa, na kwenye karatasi yake daktari aliandika kabisa: siku saba, inayobaki itupwe. Lakini nani kwetu anatupa dawa? Dawa ni mali. Kila nyumba mtaani hapa ina mfuko wa vidonge nusu nusu, vya mtoto aliyepona, vya babu aliyekufa. Na mie ninao. Nilikuwa nao.

"Hii kiboko," nikamwambia. "Siku mbili tu, macho yanakuwa kama ya mtoto mchanga."

Na kweli siku mbili hazikupita. Macho ya Margareta yakawa meupe pe! Adelina akaniletea sahani ya ming'oko, vile viazi pori vya kwao kusini, kwa shukrani, nikala, nikaramba vidole, nikajiona mganga.

Kichupa kikaisha, wekundu ukarudi. Adelina akachukua kichupa kitupu akaenda nacho kwenye duka la dawa la pale kona, kwa Revelian. Sie tunamwita dokta. Dokta wa nini? Kisa kavaa koti jeupe! Revelian akakitazama kichupa, akageuka nyuma, akachukua kama kile rafuni, akampa. Hakuuliza ni cha nani. Hakuuliza karatasi iko wapi, wala mtoto ana miaka mingapi, wala ametumia tangu lini. Alisema neno moja tu: "Kikiisha, njoo."

Basi kikawa kikiisha, anakwenda. Kikiisha, anakwenda. Mwaka mmoja na miezi minne, asubuhi na jioni! Mie nikiwa uani kwangu nawasikia kila siku ya Mungu. Adelina anamsimamisha mtoto mlangoni penye mwanga, anamvuta kope, anamdondoshea, halafu anamkagua. "Ngoja nione. Geuka huku. Haya, meupe. Nenda shule." Na mie nikikutana naye njiani namshika kidevu, "Eh, mwanangu, macho yamependeza!" Mtoto anacheka, anaamkia, anapita zake.

Hebu hapo tulieni kidogo. Baba yule akichonga kinyago, akikuta ukucha mmoja umezidi mwingine, halali mpaka ausawazishe. Mie mshono ukienda upande kwa upana wa uzi naufumua wote. Twalib anafundisha watoto wa watu kuona vidole vya mguu vilivyokunjwa. Watu watatu tunaokula kwa macho yetu, na mama anayemkagua mwanawe mara mbili kwa siku, sote tulikuwa tunatazama weupe. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumpiga mtu, na sijui nimpige nani.

Najma ndiye aliyesema wa kwanza. Tulikuwa tunakula mchana.

"Mama, Margareta siku hizi mateke ya pembeni hayaoni kabisa. Mie nampiga tu."

"Umeanza kuwa bingwa, basi usimsimange mwenzio."

"Simsimangi, mama. Nampiga kwa kulia, haoni. Nampiga kwa kushoto, anashtuka tayari limempata. Zamani alikuwa ananiona kabla sijaamua."

"Kula ubwabwa wako huo," nikamwambia. "Maneno mengi."

Nilimnyamazisha, jamani. Mtoto kaleta ushahidi mezani, mie nikamwambia ale ubwabwa.

Uwanjani nako michoro ikaanza kubadilika. Margareta aliyekuwa anachora mtu mzima mpaka kivuli chake mchangani, sasa analeta mtu hana miguu. Wiki nyingine mtu hana miguu wala viwiko. Kichwa na kifua, kidogo, katikati ya boksi, pembeni kote kutupu. Twalib akachukia. Alidhani binti kalewa sifa.

"Miguu iko wapi?"

"Sikuiona, mwalimu."

"Nilikufundisha uchore unachokiona, sikukufundisha uvivu! Pushapu ishirini."

Margareta akapiga pushapu ishirini. Jumamosi iliyofuata mtu wake bado hana miguu, akapiga thelathini. Mtoto wa watu alikuwa anatii amri ya mwalimu kuliko wote pale, anachora kile anachokiona bila kuongeza kitu. Na kwa utiifu huo ndio akaadhibiwa.

Nyumbani ndiyo kulikuwa kubaya zaidi. Wilfred vinyago vyake vilivyokamilika huvipanga kando ya mlango vikauke mafuta. Margareta akawa anavigonga. Leo anaangusha kimoja, kesho anajikwaa ndoo, keshokutwa anagonga bega kwenye fremu ya mlango aliozaliwa anaupita. Siku moja akaangusha kinyago cha watu waliobebana, kazi ya miezi miwili iliyoagizwa na mtu, kikavunjika shingo ya yule wa juu. Mie niliusikia mti ukipasuka, halafu nikasikia kofi.

"Una macho wewe au una vifungo?" Wilfred alikuwa anafoka. "Kinyago kirefu hivi hukioni?"

"Sikukiona, baba."

"Meupe bure! Mama yako anayatia dawa kila siku ili uyafanyie nini?"

Mtoto alisema "sikuiona" uwanjani, akasema "sikukiona" nyumbani. Neno lile lile moja, kwa Kiswahili chepesi, na sie watu wazima wenye masikio yetu mawili mawili tukaliita uvivu, tukaliita jeuri, tukaliita utoto. Mtoto aseme kwa lugha gani?

Ikafika wiki ya kujiandaa kwa mtihani wa mkanda wa kijani. Twalib akawaita Najma na Margareta katikati. Wakainamiana, wakajiweka sawa. Mie nimekaa pale pale pangu. Najma akainua mguu, kisha akaushusha. Akarudi nyuma hatua tatu, akakaa chini mchangani.

"Simama," Twalib akasema.

"Sipigani naye, mwalimu."

"Unamwogopa?"

"Simwogopi. Haoni." Najma alikuwa analia sasa. "Nimwambie mama hataki, nikwambie wewe unampa pushapu. Mie kumpiga mtu asiyeona siwezi. Nipe hizo pushapu mie, lakini simpigi."

Margareta kasimama, mikono juu bado, anageuza kichwa kumtafuta Najma alikokaa. Najma alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na ilibidi amtafute. Mie sindano ikanidondoka.

Twalib huyu, jamani, pamoja na kosa lake lote, ana kitu kimoja cha mwalimu wa kweli: akiambiwa kakosea, hutazama kwanza kabla hajabisha. Michoro yote ya watoto huiweka kwenye kiroba. Akakileta kiroba, akapiga magoti, akachambua vya Margareta, akavipanga mchangani kuanzia vya zamani mpaka vya wiki ile. Vipande kama thelathini. Tukasogea wote tukatazama. Wa kwanza mtu mzima na kivuli chake. Halafu kivuli hakipo. Halafu nyayo hazipo. Halafu magoti. Halafu viwiko. Wa mwisho uso tu, mdogo, umebanwa katikati.

Twalib akachukua vipande viwili vya mkaa, kimoja kila mkono, akamsimamisha Margareta mbele yake.

"Tazama pua yangu. Usihamishe macho. Ukiuona mkaa, popote, sema."

Akanyoosha mikono kulia na kushoto mpaka mwisho, akawa anaileta katikati taratibu. Mie niliuona mkaa toka alipoanza. Najma aliuona. Watoto wote waliuona. Mikono inakuja, inakuja, Margareta kimya. Ikafika usawa wa mabega ya Twalib, kimya. Ikafika masikioni mwake, mtoto kimya, anatazama pua kwa adabu kama alivyoambiwa.

"Huu," akasema, mkaa ukiwa karibu unagusa shavu la mwalimu. "Nauona wa huku mmoja. Upo mwingine?"

Twalib akakaa chini mchangani na nguo zake nyeupe za karate, akafunika uso kwa mikono yenye mkaa. "Nimempa adhabu," akawa anasema. "Nimempa adhabu mimi."

Mngedhani hapo ndipo mtoto alipopelekwa hospitali. Subirini muone binadamu tulivyo.

Tukaenda mimi na Twalib kwa wazazi wake mchana ule ule. Wilfred alikuwa ameshika patasi, hakuiweka chini.

"Mwalimu, mie nakuheshimu kwa rangi zako," akasema. "Lakini udaktari umesomea wapi? Margareta! Njoo hapa. Tazameni macho haya. Pana wekundu? Pana ukungu? Meupe kuliko yako wewe."

"Baba Margareta, mie sisemi rangi," Twalib akajibu. "Nasema anachokiona."

"Anasoma kitabu! Jana kanisomea ujumbe kwenye simu, maandishi madogo kama chawa. Kipofu gani anasoma?"

"Cha mbele anakiona. Cha pembeni hakioni. Mpime mwenyewe."

"Nyie mnataka kumtia mwanangu ulemavu wa maneno. Leo haoni, kesho watasema kalogwa. Kwangu yasije maneno hayo."

Adelina yeye alisikia kidogo. Lakini badala ya kwenda hospitali akaenda wapi? Kwa Revelian! Akamweleza kuwa mtoto haoni vizuri pembeni. Na yule bwana wa koti jeupe, nisikilizeni, akampa dawa ile ile, akamwambia asitie mara mbili tena, atie mara nne. Mara nne! Wiki tatu nzima. Mtoto anapofuka, sie tunaongeza kinachompofusha, kwa mikono ya mama yake mwenyewe, kwa mapenzi.

Na mie nilifanya nini katika hizo wiki tatu? Nilijiambia, nimeshasema, mtoto si wangu. Andikeni na hilo.

Ikawa siku moja saa nne asubuhi, jua limetanda uani mpaka bati zinalia. Adelina kamsimamisha mtoto palepale mlangoni, anamtia dawa jicho la kulia. Tone likamwagikia la kushoto, Adelina akaliziba lile la kushoto kwa kiganja ili alifute.

Margareta akasema, "Mama, mbona giza?"

Nilimsikia mwenyewe, nilikuwa naanika nguo.

"Giza gani?" Adelina akauliza.

"Mbona umenifunika yote mawili?"

"Nimefunika moja, mwanangu. Hili la kulia liko wazi."

"Hapana, mama. Giza."

Ukelele alioupiga Adelina, mie ukuta ule niliupita sijui kwa juu au kwa chini. Nikamkuta kamkumbatia mtoto na kichupa kimeanguka. Wilfred katoka chumbani, anampungia mtoto mkono mbele ya jicho la kulia, anapunga, anapunga, na jicho ni jeupe, zuri, liko wazi kabisa, halifuati kitu.

Hapo sasa ndipo tulipoenda hospitali kubwa mjini, kliniki ya macho. Walimpima nusu siku. Mwisho akatuita daktari, mama mmoja wa makamo, sauti yake ya chini. Akauliza, "Kuna dawa yoyote alikuwa anatumia?"

Adelina akafungua pochi akatoa kichupa, haraka haraka, kama mtu anayeonyesha kwamba alikuwa anajitahidi. Daktari akakisoma.

"Nani aliandika hii?"

Adelina akanitazama mie.

"Ametumia muda gani?"

"Mwaka na... miezi kama kumi na sita hivi, daktari."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatutazama mmoja mmoja. Nimewahi kutukanwa na watu wa sokoni, nimewahi kutukanwa na wakwe, sijawahi kutazamwa vile.

Akatueleza. Mtoto alikuwa na mzio wa macho tu, watoto wengi wanao, una dawa zake na wengi hupata nafuu wakikua. Dawa ile ina kazi yake, lakini ni ya siku chache na ya kusimamiwa na daktari. Ukiitia miezi na miezi, inaondoa wekundu nje, huku ndani inapandisha presha ya jicho. Presha inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanza pembeni, inasogea katikati, na mara nyingi haiumi. Jicho linabaki linapendeza. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki kitundu.

"Si mtampa miwani?" Wilfred akauliza.

"Mzee, mshipa uliokufa haufufuliwi na miwani."

"Upasuaji?"

"Tutampasua la kushoto, ili kilichobaki kisiondoke. Kilichoondoka hakirudi. Mngekuja mapema ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Wilfred akakaa. Mwanaume yule mikono yake haijawahi kutulia tangu nimjue, siku ile ilikuwa imelala mapajani. "Nilimpiga kofi," akasema. "Alisema hakukiona, nikampiga kofi."

Mie nikasimama, maana nisingesimama ningekufa pale. "Daktari, ile dawa ya kwanza nilimpa mie. Ilikuwa ya mwanangu, ilibaki."

"Uliambiwa uihifadhi?"

"Niliambiwa niitupe."

Hakunigombeza. Aliandika tu. Ningekuwa na nguvu ningemwomba anigombeze.

Walimpasua la kushoto, wakalinusuru lilivyo. Atatia dawa nyingine maisha yake yote, kwa kupimwa, na kila baada ya miezi kadhaa atarudi kliniki. Anaiona dunia kwa kiasi cha mtu anayechungulia kwenye bomba. Barabara ya Kilwa havuki peke yake.

Revelian nilimwendea. Nilimwendea na kichupa, nikasimama katikati ya wateja wake nikapaza sauti mpaka wauza nyanya wakaja kutazama. Mnajua alinijibu nini? "Mama, mie nauza, watu wananunua. Nilimlazimisha?" Ndivyo alivyosema, na koti lake jeupe limepigwa pasi. Nimeandika malalamiko, nayafuatilia kila wiki, sitachoka. Lakini asubuhi ya siku ya pili niliona mama mwingine anatoka pale na kichupa kile kile. Nilimkimbilia, nikamnyang'anya.

Mwezi uliopita Margareta alikuja barazani kwangu, Najma kamshika mkono.

"Shikamoo, mama Najma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akakaa. Akanigeuzia uso taratibu mpaka akanipata kwenye kile kitundu chake.

"Mama Najma, nikuulize? Kila asubuhi mama alikuwa ananiangalia macho. Na wewe ukinikuta njiani unanishika kidevu unaniangalia macho. Mlikuwa mnaangalia nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu.

MAFUNZO

Ndugu zangu, dawa iliyobaki si mali, ni hatari iliyowekwa kabatini. Daktari akisema itupwe, irudisheni au itupeni. Msimpe jirani dawa ya mwanao, hata akija analia, hata mkiwa mmeshibana vipi. Mpelekeni kwenye kipimo, na kama anaogopa, mfuateni. Mshikane mikono mwende. Huo ndio ujirani.

Mwenye duka la dawa si daktari. Akikuuzia dawa ya macho bila karatasi na bila swali hata moja, usimshukuru kwa kukuokolea muda. Na macho yakiwasha kila mara, dawa inayoyafanya meupe haraka siyo lazima iwe inayatibu. Uliza hospitali.

Na nyie wenye midomo, mnaosema msichana wa macho mekundu kakesha, kalewa, kavuta: nyie mmo katika kesi hii. Adelina alianza kuficha macho ya mwanawe kwa sababu yenu. Mnaita hilo maadili. Mie naliita ukatili, na nitalisema kanisani na msikitini na kwenye kikoba, mninunie mkitaka.

Lakini la kwanza kuliko yote. Mtoto akisema "sikuona," mwamini kwanza, mpige baadaye kama bado utakuwa na sababu. Akianza kujikwaa, kugonga milango, kuangusha vitu alivyovizoea, kuchora nusu ya alichokuwa anakichora kizima, hajawa mvivu, kuna kitu kinamtoka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wangetuona sie wa Mbagala wangelifuta neno lao. Mwite mwanao leo, kabla ya chakula, msimamishe mbele yako, nyoosha mikono yako pembeni, umuulize anaona nini. Halafu ufunge mdomo, umsikilize.